Atelye ya Gikondo na Alama Tatu Nyekundu

Niboye, Kigali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Hii ni shikamoo ya kupiga goti, si ile ya kwenye simu ninayoitoa huku mguu uko kwenye cherehani. Umeamkaje? Goti la kulia linasemaje siku hizi? Na ile dawa ya kuchua niliyompa kaka Idi akuletee, ilikufikia, au imeishia mgongoni kwake mwenyewe? Kama hujaiona niambie tu, nitamshughulikia. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nakohoa kidogo asubuhi kwa ajili ya baridi ya huku. Nimeishi nayo miaka minane na bado hatujazoeana.

Najua unajiuliza kwa nini leo barua, wakati tunaongea kila Ijumaa. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi ni muongo. Ukiniuliza kitu kigumu nasema mtandao unakatika, na wewe unaniamini, unaniombea dua, unakwenda kuswali. Barua hii anakuletea Mama Rehema, yule mwenye vitenge anayekuja Kigoma kila baada ya miezi miwili. Mpe chai, na usimwambie chochote, maana akijua yeye, watu wa basi zima watajua.

Nianze na kubwa. Ile atelye niliyokuambia baada ya sikukuu ya Idi kwamba imekuwa yangu, haikuwa yangu. Atelye ndivyo wanavyoita huku karakana ya mafundi cherehani. Uliniuliza, "Zuhura, umeshapewa?" nikajibu, "Nimepewa Mama, alhamdulillahi," na siku ile ile mimi nilikuwa nimetoka benki kunyimwa mkopo. Nilikusikia ukipiga kelele uani kuwaita wanawake wenzako. Nimekaa na uongo huo miezi minane, na kila ulipouliza utakuja lini kuiona nikakuambia kuna mvua. Mama, hakuna mvua ya miezi minane hata Kigali.

Mzee Haruna unamjua kwa maneno yangu. Ndiye aliyenipokea nilipofika, akanipa cherehani ya pembeni iliyokuwa inakata uzi kila baada ya hatua tatu, akasema nikiiweza hiyo nitaziweza zote. Babu yake alikuja huku na biashara ya nguo kutoka pwani, basi mzee hujiita mtu wa pwani, ingawa bahari yenyewe ameiona kwenye kalenda. Mwaka jana macho yakaanza kumsumbua. Asubuhi moja mwaka huu alinikalisha kwenye kiti chake cha kukatia, kile ambacho hakuna anayekikalia.

"Binti, mimi iko mzee," akasema. "Macho inaona sindano mbili, na uzi iko moja tu. Hii kazi naacha."

Nikamwambia asiseme hivyo.

"Nasema. Iko huyu jirani wa garaji, anataka nyumba aweke vyuma yake. Anatoa pesa cash. Mimi sitaki vyuma hapa. Nataka cherehani ibaki inalia. Wewe leta pesa ya benki, mashini sita na nyumba, unachukua. Nakungojea mpaka mwisho wa mwaka. Zaidi siwezi, iko dawa ya kununua."

Mama, unaelewa nilivyojisikia. Nimeshona nguo za watu tangu ulipoachia cherehani yako ikaingia mikononi mwangu, na kila mahali nilikuwa fundi wa mtu mwingine. Nikaenda benki siku ya pili nikiwa nimevaa gauni langu la kijani, najua wazi watanipa, kwa sababu nilikuwa na kadi yao ya mkopo mwaka mzima.

Hiyo kadi nayo ina hadithi. Alikuja Gikondo kijana mmoja mwenye tai, anapita mlango kwa mlango kwenye magaraji na maghala, akaingia kwetu. Alikuwa na kadi za aina mbili. Moja ya kijivu, ada yake ya mwaka ndogo, haina mbwembwe. Nyingine ya dhahabu, ada yake mara nne, riba juu zaidi, na ukinunua vitu vingi unapewa punguzo la tiketi ya ndege. Mimi nasafiri mara moja kwa mwaka, kwa basi la Kigoma, na kuku wa watu miguuni. Nikachagua ya dhahabu. Mzee Haruna aliigeuza geuza karibu na pua akauliza, "Hiyo ndege iko inashuka Ujiji?" Nilimkasirikia siku mbili.

Nikueleze inavyofanya kazi, kwa sababu wewe ni kijumbe wa upatu na utaelewa upesi kuliko mimi. Fikiria mchezo ambao unapokea zamu yako kwanza, kuchanga baadaye. Nakwenda kwa mwenye vitambaa, naigusisha kadi, naondoka na jora la kitambaa. Benki ndiyo imelipa. Kila mwezi kuna siku yake ya kurudisha. Ukirudisha yote kabla ya siku hiyo, huongezi kitu. Ukirudisha kipande, kilichobaki kinaanza kuzaa. Na wajanja wale kwenye karatasi yao wanakuandikia kiasi kidogo kabisa unachoruhusiwa kulipa, kwa herufi nene kuliko deni lenyewe, mtu ukisoma haraka unaona umesamehewa.

Sasa kosa langu, Mama. Nataka ulisome polepole, kwa sababu nililitoa nyumbani kwetu.

Wewe ulitufundisha kwamba mtu akipata shida asingoje siku ya mchezo. Aje kabla, aseme kwa mdomo wake au atume mtu, na kijumbe atambadilishia zamu na mwingine, na hakuna neno. Mwenye kusema kabla ya siku hana kosa. Tumekua na maneno hayo. Na kila mara ulitoa mfano wa Bi Tatu wa maandazi, ambaye hakusema, ukapitisha mstari wa kalamu nyekundu juu ya jina lake kwenye daftari.

Basi nikaifanya benki kama uani kwetu. Mwezi wa kwanza wa matatizo nilipeleka pesa siku mbili kabla. Nikamkabidhi dada wa dirishani, anaitwa Claudine, Mrundi mzuri mwenye mwanya, nikamwambia hii ni ya kadi. Pesa ikaingia kwenye akaunti yangu ya kawaida, akasema, "Nta kibazo mama, nitahamisha mimi mwenyewe." Nta kibazo ni hakuna tatizo. Huku watu wanalisema hata nyumba ikiwaka moto. Nikaondoka na risiti yangu.

Miezi mitatu baadaye shule moja iliyonipa kazi ya sare ilichelewa kunilipa. Nilikwenda benki siku moja kabla, nikiwa na sambusa kwenye mfuko, nikamweleza Claudine kwamba nitachelewa wiki moja. Akaniambia, "Ihangane mama. Nimekusikia." Ihangane ni pole, vumilia. Nikampa sambusa, nikarudi Gikondo moyo mweupe. Mwezi uliofuata shule haikuwa imelipa bado, na mimi nilikuwa nimeijaza kadi mpaka ukomo kwa kununua bitana na vifungo. Nikaenda tena. Foleni ilikuwa imefika nje. Mama, nilimwachia ujumbe mlinzi. Nilimwambia mlinzi wa benki kwamba naitwa Zuhura wa atelye ya Mzee Haruna na nitachelewa siku sita, naye akaitikia kwa heshima zote, akanifungulia mlango.

Cheka, hata mimi sasa nacheka. Siku ile sikucheka.

Afisa wa mikopo alikuwa mwanamume mpole wa makamo, miwani imeshuka puani. Aliandika namba ya kibali changu cha kuishi, akangoja, halafu akaigeuza kompyuta nione. Kulikuwa na jina langu, jina la baba na la babu, na chini yake miezi imepangwa kama vifungo, vyote kijani, isipokuwa vitatu vyekundu.

"Hizi tatu ulichelewa," akasema.

"Sikuchelewa," nikasema. "Nilitoa taarifa."

"Kwa nani?"

"Kwa Claudine. Na kwa mlinzi."

Hakucheka yule baba, na ndiyo iliyoniuma. Angecheka ningemjibu. Alivua miwani akanieleza kwamba kuna ofisi inayokusanya habari za kila anayekopa nchini, kwenye benki zote, hata zile fedha ndogo ndogo za kwenye simu, na kutokana na habari hizo unapewa alama kama za mtihani. Benki yoyote kabla haijakukopesha inauliza huko kwanza. Alama zangu zilikuwa chini. Si kwa ile miezi mitatu peke yake. Ni pia kwa kuijaza kadi mpaka mwisho, maana wanaona mtu anayekula mkopo wote kila mwezi anaishi kwa mkopo. "Kompyuta haisikii salamu, dada," akasema. "Inasoma tarehe."

Nilitoka pale nikaanza kuzunguka. Nikaenda benki ya pili, wakakataa. Nikaenda ya tatu. Huko msichana akaniambia waziwazi niache kubisha milango, kwa sababu kila benki ikiuliza habari zangu, hilo nalo linaandikwa, na mtu anayeomba kila mahali kwa wiki moja anaonekana amezama. Jioni ile ndiyo uliyopiga simu kuuliza kama nimeshapewa.

Sikulala vizuri wiki nzima. Nilikuwa na hasira na kompyuta, na benki, na yule mwenye tai, na wewe pia Mama, nisamehe. Nilisema moyoni, mama alinifundisha adabu ya uani na haikunifaa mjini. Mzee Haruna alinitazama nikishona kola kinyume, akaninyang'anya kitambaa. "Unapigana na nani?" akauliza. Nikamwambia yote. Alifikiri kidogo akasema, "Sasa wewe hapana lia. Rudi kwa huyu wa miwani. Mtu anakuonyesha kidonda, anajua na dawa."

Nikarudi. Afisa alinishauri mambo nitakayokuandikia, kwa sababu kaka Idi juzi alinitumia picha ya kadi aliyopewa huko akiringa, na ninataka umsomee hapa kwa sauti. Ile ya dhahabu nikaomba wanibadilishie iwe ya kijivu, bila kuifunga na kuanza upya, maana miaka ya kadi nayo inahesabiwa. Nikaweka sahihi benki ikate deni lote yenyewe, siku tatu kabla ya tarehe, kutoka kwenye akaunti yangu. Sinunui kwa kadi zaidi ya theluthi ya ukomo wake, hata jora liwe zuri vipi, na nimeliacha jora moja la hariri ambalo bado naliota. Namba ya siri haijui mtu, na Idi asimpe hata mkewe. Na akikopa kwenye simu, ajue ule nao ni mkopo, hata ukiwa wa kununulia chumvi. Mwisho akaniambia kwamba kila mtu ana haki ya kuomba karatasi ya habari zake mwenyewe, mara moja kwa mwaka hailipiwi, na aisome mstari kwa mstari kwa sababu hata wanaoandika hukosea.

Nikaiomba. Nikaisoma mezani kwa kukatia, na rula, mstari baada ya mstari. Nyekundu ya pili na ya tatu zilikuwa zangu. Lakini ya kwanza tarehe yake ilinishtua. Mwezi huo nilikuwa nimelipa! Nikamwaga kopo la vifungo, maana risiti zangu huwa naziweka humo, nikaipata. Siku mbili kabla, muhuri wa benki, jina langu.

Kumbe haikutosha. Benki walisema risiti inaonyesha pesa iliingia akaunti ya kawaida, na hakuna maandishi kwamba niliagiza ihamishwe. Aliyejua ni mmoja tu, Claudine, na Claudine alikuwa amehamishiwa tawi la Gatsata. Nikafunga safari. Nikashuka Nyabugogo, nikapanda kilima kwa miguu nikihema, nikampata dirishani. Nyuma yake alikuwa amesimama bosi wake.

"Claudine, mimi Zuhura, fundi wa Gikondo. Unakumbuka nilikuambia pesa ni ya kadi, ukasema utahamisha mwenyewe?"

Alinitazama, akamtazama bosi, akatazama meza. "Sikumbuki mama," akasema. "Watu ni wengi sana hapa."

Alikumbuka. Niliona alivyoigeuza shingo yake. Nilimwambia asante nikatoka, na nje ya benki nikalia barabarani kama mtoto, watu wa pikipiki wananiuliza nina nini. Mama, kupoteza pesa nimezoea. Lakini kusema kweli, ukaonekana muongo mbele ya watu, na yule anayejua ukweli ananyamaza akikutazama, hilo sikuwahi kulipata. Nilifika nyumbani nikavua viatu, nikakaa chini sakafuni Niboye, na jina lililonijia si la Claudine. Nitakuambia ni la nani.

Zilipita Jumamosi mbili. Jumamosi ya tatu mlango wa atelye ukafunguka akaingia Claudine, amevaa nguo za kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Mzee Haruna alidhani ni mteja akamtafutia futi ya kupimia. Akakataa kukaa.

"Mama Zuhura, uliniambia," akasema. "Iko kweli. Siku ile kulikuwa na watu wengi, nikasahau. Baadaye nikaona, nikaogopa kazi, nikanyamaza. Umekuja Gatsata, nikaogopa tena. Sasa nimeshaandika. Mistari mitatu. Nimempa bosi."

"Na kazi yako?" nikauliza.

"Wamenipa barua ya onyo. Nta kibazo," akasema, na machozi yakamtoka, kwa hiyo najua kibazo kilikuwepo.

Ningepaswa kumshukuru, Mama. Ningepaswa kumkumbatia. Nilisimama na mkasi mkononi. Mzee Haruna ndiye aliyemletea chai. Mwisho nilimpima sketi, bila kumuuliza kama anaitaka, kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi peke yake. Ameshaichukua, imemkaa vizuri.

Benki waliifuta ile alama ya kwanza. Mbili zilizobaki bado zipo na zitakaa miaka kadhaa, nami sizilalamikii. Nimelipa kwa tarehe kila mwezi tangu hapo, alama zikapanda pole pole. Wiki iliyopita yule wa miwani akanipigia: watanikopesha, ila si zote nilizoomba. Nikamwambia Mzee Haruna, nikijua jirani wa garaji alikuwa ameshaanza kupima ukuta. Mzee akasema, "Basi chukua mashini nne. Mbili nitabaki nazo, nije nakaa hapa nasumbua wewe." Jumatatu tunaweka sahihi. Mchora vibao amekuja kuniuliza aandike jina gani juu ya mlango, nikamwambia angoje kidogo, kuna barua lazima niipeleke kwanza nyumbani.

Sasa nakuja kwa Bi Tatu.

Nilikuwa na miaka kumi, natoka chuoni, nimebeba juzuu yangu kifuani. Bi Tatu aliniita kutoka kwenye jiko lake la maandazi. Siku ilikuwa Jumatano, na mchezo wako ulikuwa Ijumaa. Akaniambia, "Zuhura, mwambie mama yako mwanangu amelazwa, nitachelewa siku nne, anisamehe." Akayarudia maneno mara mbili ili nisisahau, akanipa na andazi. Nilikula andazi njiani. Nikakuta wenzangu wanacheza rede, nikaingia, nikasahau. Ijumaa baada ya swala ya alasiri nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti ulipoita majina, ukaita lake mara tatu, ukachukua kalamu nyekundu. Hapo ndipo nilipokumbuka. Ulikuwa umekasirika na mimi nikaogopa.

Siku ya nne alikuja na pesa yote imefungwa kwenye pindo la kanga. Ukamwambia, "Ungesema." Akasema, "Nilisema. Nilimtuma mwanao." Ukanigeukia mbele ya wanawake wote ukaniuliza, "Alikutuma?"

Nikasema hapana.

Bi Tatu aliniangalia tu, Mama. Hakunifokea. Ukamwambia asimsingizie mtoto, na wanawake wakaguna, na tangu siku ile hakuna upatu Ujiji nzima uliompokea. Nilikuwa nikipita pale jikoni kwake mkono wa pili wa njia. Wakati mwanawe alipotaka kuanza biashara na hakupata wa kumchangia, nilikuwa msichana mkubwa, nilijua kabisa kwa nini, nikanyamaza. Nikaja Kigali na ukimya huo. Wewe umesimulia habari yake kwa watoto na wajukuu kama mfano wa mtu asiyetoa taarifa, na mimi nimekaa pembeni nikitikisa kichwa.

Claudine ilimchukua miezi, na alikuwa na kazi ya kupoteza. Mimi nina miaka thelathini na moja na sina cha kupoteza isipokuwa unavyonifikiria wewe. Basi nifikirie utakavyo. Najua utaumia, kwa sababu uliniamini mimi ukamwita yeye muongo, na wewe hujawahi kumdhulumu mtu kwa kujua. Dhuluma ile si yako. Ni yangu peke yangu, na nataka uiseme hivyo.

Mama Rehema ana kifurushi changu. Kuna magauni mawili. La bluu ni lako, nimeachia nafasi kifuani kwa sababu najua utamlaumu Idi kwa kukulisha. La zambarau ni la Bi Tatu. Sijui amekuwaje sasa, nimekata kwa kumbukumbu, pindo nimeacha refu ili lishushwe au lipandishwe. Lakini usimpe gauni kabla ya maneno, asije akadhani nanunua. Na maneno usimwambie chumbani. Waite wanawake uani siku ya mchezo, wale waliobaki, toa daftari la zamani, najua unalo, hutupi kitu wewe. Soma jina lake kwa sauti, halafu wasomee ukurasa huu.

Nisalimie kaka Idi, na umwambie kadi si ya kuringia. Msalimie wifi yangu na watoto, yule mdogo nimemwekea kofia mfukoni mwa gauni lako. Msalimie shangazi Mwanaidi, dua zake zinafika. Msalimie mjomba Sefu, na kama bado ananidai ile redio, mwambie naikumbuka. Mzee Haruna anakuamkia, anasema ukija utamkuta kwenye kiti chake, hatakipisha kwa mtu ila wewe.

Bi Tatu simpelekei salamu. Sina haki ya kumsalimia bado. Mwambie tu kwamba ujumbe wake umefika. Mwanawe amelazwa, atachelewa siku nne, anaomba asamehewe.

Ni mimi niliyetumwa,
mwanao, Zuhura